Straika Bila Kadi: Boli ya Masisi na Walikale

Leo tuwachie kidogo hizi viwanja za nyasi bandia za Nairobi zenye unalipia kwa lisaa, tuvuke Uganda, tupite Goma na moshi yake ya Nyiragongo, tushike njia ya Sake tukipanda. Tuko Masisi, Kivu Kaskazini. Huku uwanja haukodishwi na mtu. Kazi ni kuupata ukiwa tambarare.

Masisi ni mlima juu ya mlima. Nyasi ni ya kijani, ng'ombe zimejaa mteremkoni, na ile jibini yao ya mviringo yenye mapadri Wabelgiji walianzisha zamani ndio inashuka kuuzwa Goma. Sasa chukua kipande ya hayo malisho, simamisha miti nne, mistari uchore na majivu ama usichore kabisa. Hapo ndio dimba. Kipindi cha kwanza unacheza ukipanda, cha pili unacheza ukishuka, na kama refa ana roho chafu anamaliza kipindi mapema ukiwa upande mzuri. Beki akifyatua boli ovyo inaishia bondeni, mtoi mmoja anatumwa kuikimbilia, na wasee wote wanakaa chini kungoja. Straika mwenye amelelewa hapo hujifunza mapema kuua boli na mguso wa kwanza. Ikikuponyoka hiyo mguso, tuonane bondeni.

Walikale ni dunia ingine. Ni wilaya moja tu lakini ni zaidi ya kilomita mraba 23,000, karibu saizi ya Rwanda mzima, na karibu yote ni msitu. Mvua ikipiga, matope mekundu yanashika mguu, na boli ikilowa inakuwa nzito ya kuvunja kidole. Huko chenga mingi hazifanyi kazi. Straika wa Walikale anajua kupiga mapema, kabla boli ikwame. Weka huyu na yule wa Masisi kwa timu moja na uko na safu ya mbele ya kutisha. Shida ni kuwaleta pamoja, na hapo ndio stori inaanza.

Kwanza tumalizane na mavazi, juu najua nyinyi ndio kitu mnaangalia. Jezi ni mitumba: Barça ya zamani yenye jina la Messi imechanika kwa bega, PSG ya Mbappé, Chelsea ya msimu wenye hata Chelsea wenyewe wamesahau. Siku hizi kuna na ya Yanga, nitakuambia kwa nini. Ndula ni chochote: raba za plastiki, daluga moja imeazimwa kwa brathe, ama peku kabisa. Kuna wale wenye hugawana jozi moja, mguu wa kulia kwa mwenye anapiga na kulia, wa kushoto kwa mwenzake wa kushoto. Hiyo sio umaskini wa kuchekwa, hiyo ni kujipanga.

Mimi leo niko na neno moja tu. Watu wakibonga kuhusu mayut wa Kivu na boli, wanaimba talanta, talanta, talanta. Manze, talanta haijawahi kuwa ngori huko. Chenye hufanya straika wa mtaani aitwe straika wa kulipwa ni vitu za kuboesha kabisa: kadi ya kitambulisho, nauli, na ligi yenye inaanza na inaisha. Hakuna msee huchora hizo kwa ukuta, lakini bila hizo namba 9 anabaki tu sifa za kijiji.

Cheki hii ya ligi kwanza. Kiungo unaweza kumuona siku moja ukajua huyu ni moto. Straika hapana. Straika anapimwa na mabao, na mabao yanahitaji wiki nyingi, siku mbaya na nzuri, kipa wa kuchoka na kipa wa kuruka. Sisi Wakenya tunaelewa hii kupitia straika wetu Olunga. 2015 akiwa Gor Mahia alipachika mabao 19 kwa ligi, Gor wakamaliza msimu bila kuchapwa, na 2016 jamaa akawa ako Sweden na Djurgården. Baadaye Japani, 24 Novemba 2019, akafunga mabao nane kwa mechi moja Kashiwa wakipiga Kyoto 13-1. Hizo nane ndio watu hukumbuka. Mimi hukumbuka zile 19, juu alizipata kwa ligi yenye ilikuwa na wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, na kila Jumapili kulikuwa na mtu kwa jukwaa ameshika kalamu.

Sasa weka hiyo kalenda Masisi.

Sema uko na chali wa miaka 17 mwanzo wa 2024. Mwisho wa Aprili 2024, waasi wa M23 wanachukua Rubaya, hapo Masisi. Barabara ya kwenda Sake ishakuwa ya risasi kitambo. Tarehe 4 Januari 2025 wanaingia Masisi-centre, mji mkuu wa wilaya, kama kilomita 80 kutoka Goma. Tarehe 27 Januari wako ndani ya Goma yenyewe. Tarehe 19 Machi wako Walikale-centre, kilomita kama 125 magharibi ya Goma ukipima hewani, halafu mapema Aprili wanaondoka hapo. Huyo chali ameingia miaka 18 katikati ya hayo yote. Huo ndio umri wenye maskauti wanataka kukuona kila wiki. Yeye kila wiki anaangalia mlima gani unatoa moshi.

Na timu haivunjiki kwa mkutano. Inavunjika usiku. Kipa na familia yake wamekimbilia Bulengo, beki wawili wako Mugunga, kocha amerudi kwa wakwe Kitchanga, jezi za timu ziko kwa begi ya mtu mwenye hakuna anajua alipita njia gani. Kwa zile kambi za nje ya Goma boli ilikuwa inachezwa kwenye lava nyeusi, mawe ya volkano yenye yanakata goti ukianguka, na mechi za maana zilikuwa za mtaa wa hema hii na hema ile. Februari 2025 kambi zikaambiwa zivunjwe, watu warudi kwao. Hata hiyo ligi ya mahema ikaisha. Na kuna kitu kingine chenye si cha utani: kijana mwenye ana mbio na mapafu, watu wa bunduki pia wanamtaka. Masisi na Walikale zimekuwa na vikundi vya silaha tangu miaka ya 1990, na Umoja wa Mataifa umeandika mara mingi vile watoto huchukuliwa. Mathe wengi wakiona mtoi wao anasifiwa mbio hadharani wanamwita arudi nyumbani.

Halafu kuna mgodi. Rubaya hapo Masisi ndio inatoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, ile inatoka kwa koltani na kuingia kwa simu yenye unasomea hii stori. Msee wa miaka 16 anaweza kuamka asubuhi akachagua: afanye zoezi la bure ama aingie shimoni apate dola chache jioni. Na shimo huporomoka. Wewe ungechagua nini na siste zako hawajamanga? Walikale wako na bati. Bisie, mgodi mkubwa wa bati huko msituni, ulisimamisha kazi Machi 2025 vita ilipokaribia, ukarudi kazini Aprili. Ona vile bati ilirudi haraka. Boli haikurudi hivyo.

Na hii ya Kilambo hunichekesha na kuniuma. Karibu na mji wa Walikale kuna kipande cha lami chenye miaka ya 2000 kilikuwa kiwanja cha ndege. Magari yanasimamishwa, ndege inatua barabarani, inajazwa magunia ya madini, inaruka kwenda Goma. Yaani jiwe lilikuwa linapata ndege, straika hana hata nduthi ya kumfikisha mechi ya kesho.

Sasa nikupe jina, juu nimekutesa na milima kutosha.

Bernard Kamungo. Si wa Masisi. Wazazi wake walitoroka vita Congo wakavuka hadi Tanzania, na yeye akazaliwa Nyarugusu, ile kambi ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, yenye ilifunguliwa 1996 Wakongo walipoanza kuvuka ziwa kwa wingi. Tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwa 1 Januari 2002. Nimemchagua yeye kwa sababu familia nyingi za Kivu zikitawanyika, maisha ya boli ya watoto wao inaanzia kwa kambi kama hiyo, na yake ndio imefika mbali kabisa hadharani.

Nyarugusu alicheza peku, boli ya kufungwa kwa makaratasi na kamba, vile tu wanacheza Masisi. Hakuna akademi ilimwona. 2016, akiwa na miaka 14, familia ikapelekwa Marekani, mji wa Abilene, jimbo la Texas. Texas, manze. Huko wanaabudu ile boli yao ya kushika na mikono. Chali amefika hajui Kiingereza, Kiswahili ndio lugha yake, hajui hata mwalimu anasema nini. Lakini shuleni Abilene High kulikuwa na timu ya soka, na timu ilikuwa na ratiba. Ndio hiyo ninasema. Akaanza kufunga, wiki baada ya wiki, na mara hii kuna mtu anaandika.

Hata hivyo, shule ikiisha hakuna skauti alikuwa ameleta mkataba kwa mlango. Mapema 2021 brathe yake mkubwa ndio aliona North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, wamefungua traio ya wazi: lipa ada, njoo tukuone. Ada yenyewe ilikuwa chini ya dola mia. Brathe akatoa. Nataka mkae hapo kidogo. Msee mwenye hajawahi kuguswa na akademi yoyote, ameingia kwa siku ya watu wengi wenye namba kifuani, na kitu kilimwingiza hapo ni doo ya brathe na kitambulisho chenye kilikubalika mlangoni. Talanta ilianza kufanya kazi baada ya hapo.

Wakamchukua. Msimu wa 2022, ligi ya MLS Next Pro ikianza kwa mara ya kwanza, akawa kati ya wafungaji wakubwa wa hiyo ligi, na FC Dallas wakampandisha timu kubwa. Yaani mwaka mmoja na ushee kutoka traio ya kulipia hadi ligi kuu ya Marekani. Ukimwangalia akicheza utaona vile anakimbia nyuma ya beki na kupiga mapema, bila kupamba. Mimi naona kambi hapo. Boli ya makaratasi haikungoji uitengeneze.

Halafu ikaja 6 Agosti 2023. Leagues Cup, Frisco, uwanja wa FC Dallas. Upande ule ni Inter Miami, na Messi ndio kwanza amefika Marekani, kila mtu amekuja na simu juu. Messi akafunga dakika ya 6. Dallas wakasawazisha, na kabla ya mapumziko Kamungo akapachika la pili: Dallas 2, Miami 1. Mtoi wa Nyarugusu amefanya Messi arudi katikati ya uwanja kuanza upya. Walifika hadi 4-2, halafu Messi akafanya mambo ya Messi, frikiki dakika ya 85, ikaisha 4-4 na Miami wakashinda kwa matuta. Najua wengi mnakumbuka tu hiyo frikiki. Mimi nina shida na hiyo, lakini sawa.

Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia, San Antonio. Msee wa damu ya Congo, amezaliwa Tanzania, jezi ya Marekani. Mtaani tungebishana hadi asubuhi alifaa kuchezea nani. Mimi naona alichezea ile nchi ilimpa kadi.

Na hapo kwa kadi ndio straika wa Masisi ameumia zaidi ya vile watu wanajua. Congo haijahesabu watu wake tangu 1984. Kwa miaka mingi, msee wa kawaida hakuwa na kitambulisho cha taifa. Kadi ya mpiga kura ndio ilikuwa kitambulisho: ya benki, ya laini ya simu, ya kuvuka kizuizi cha barabarani. Sasa Desemba 2023 Congo wakapiga kura nchi nzima, kasoro sehemu chache zilizokuwa na vita. Masisi ilikuwa moja. Rutshuru pia, na Kwamouth kule magharibi. Hakuna kura, hakuna kadi. Yaani kizazi kizima cha vijana wa Masisi kilifika miaka 18 bila ile karatasi moja yenye ingesema wao ni nani. Na boli ya kulipwa inaanza na hiyo swali: jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa.

Ukikosa karatasi yako, kuna mtu atakupa yake. Hapo ndio watu huchomeka. Silas Katompa Mvumpa, straika wa Kinshasa, alienda Ulaya akiwa kijana kwa ajili ya traio, akaangukia mikononi mwa wakala mwenye alimbadilishia jina na kumpunguzia mwaka mmoja. Akapitia Alès na Paris FC, akafika Stuttgart kwa jina la Wamangituka, akawaka Bundesliga na hilo jina. Juni 2021 yeye mwenyewe na klabu wakatoa ukweli: ni Katompa Mvumpa, amezaliwa 1998, si 1999. Wajerumani wakamfungia miezi mitatu na faini ya euro 30,000. Alikuwa na bahati: klabu ilisimama naye, na watu wengi wakaona yeye ndio alitumiwa. Fikiria ubebe jina la uongo kwa mgongo wa jezi kila wikendi, watu elfu hamsini wanaliimba, na mathe nyumbani akikuita ni lingine.

Ile ya Etekiama ilikuwa mbaya zaidi kwa wengi. Straika huyo huyo alikuwa Etekiama Agiti Taddy akiwa AS Vita Kinshasa, na Daddy Birori akiwa jezi ya Rwanda. Majina mawili, tarehe mbili za kuzaliwa. Agosti 2014 CAF wakawatoa Rwanda kwa mchujo wa AFCON 2015, timu mzima imerudi nyumbani kwa sababu ya karatasi za msee mmoja. Kwa hivyo mtu akikuja Goma ama Sake na pikipiki nzuri akisema mtoi wako yuko sawa ila "tupunguze miaka kidogo", mfukuze. Hata kama ametoa chakula cha mwezi.

Sasa tuingie mahali kuna doo, najua mlikuwa mnangoja.

FIFA wako na kitu inaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi ingine kabla mkataba uishe, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zilimlea kati ya miaka 12 na 23. Miaka ya 12 hadi 15, kila msimu ni robo ya asilimia. Kuanzia 16 hadi 23, kila msimu ni nusu. Piga hesabu: timu ya kijiji imemlea chali tangu 12 hadi 15, misimu minne. Hiyo ni asilimia 1. Akiuzwa dola milioni moja siku moja huko Ubelgiji, timu ya mlimani inapata dola 10,000. Kwa Masisi hiyo si pesa ya kununua boli tu. Hiyo ni mabati, jezi, nauli ya misimu, na pengine shamba la uwanja tambarare hatimaye.

Lakini inalipwa tu kama klabu ilisajiliwa na shirikisho, na mchezaji alisajiliwa hapo msimu kwa msimu. Tangu Novemba 2022 FIFA wana ofisi yao maalum ya kupitisha hizi malipo, inasoma historia ya mchezaji kwa mtambo na kugawa yenyewe. Mtambo haujui kwamba kocha alikuwa anampa mtoi viazi baada ya zoezi. Unajua tu chenye kiliandikwa. Timu isiyo kwa daftari ya ligi ya mkoa ni kama haikuwahi kuwa. Hapo ndio nasema kila siku vita inachukua pesa mara mbili: inavunja msimu, halafu inachoma daftari.

Na ile jezi ya Yanga? Ni ya Fiston Mayele. Huyu si wa Kivu, ni wa Mbuji-Mayi, mji wa almasi huko Kasai, lakini ndio amefungulia mastraika wote wa Congo mlango wa Kiswahili. Alipotoka AS Vita kuja kuchezea Yanga Dar 2021 alikuwa na miaka 27, na kuna wasee walisema amechelewa. Mechi ya Ngao ya Jamii, 25 Septemba 2021, akawatia Simba goli moja na ikatosha. Mwaka uliofuata, Ngao hiyo hiyo, akawatia mbili. Akaanza kutetema, na kuanzia hapo kila mtoi kuanzia Temeke hadi Goma akifunga anatetema. Msimu wa 2022–23 alimaliza na mabao 17, juu ya orodha pamoja na Saidi Ntibazonkiza wa Simba, na Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF dhidi ya USM Alger. Halafu Pyramids ya Misri wakambeba, na 1 Juni 2025 akafunga Cairo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mamelodi Sundowns wakalala 2-1 na kombe likabaki hapo.

Mimi nampenda Mayele kwa sababu ya hiyo 27. Mayut wa Masisi wameibiwa miaka miwili, mitatu ya kucheza, na kila mtu anawaambia basi imewapita. Haijapita. Ligi ya Tanzania iko karibu kuliko Ubelgiji, lugha ni ile ile, na straika wa Congo hapo tayari ana jina zuri. Kwa maoni yangu, kocha yeyote Kivu mwenye anaotea Paris angeanza na Kigoma.

Kuna wale watasema boli haisaidii chochote vita ikiwa hapo. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya AFCON huko Abidjan, kabla Ivory Coast wawapige 1-0, wachezaji wote wa Congo walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono ule mwingine kwa kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema mnatuua mashariki na dunia imenyamaza. Siku chache baadaye Héritier Luvumbu, akichezea Rayon Sports huko Kigali, alifunga halafu akafanya ishara hiyo hiyo. Alifungiwa miezi sita na mkataba ukaisha. Hapo ndio utajua kama ishara ya mchezaji ina uzito ama haina.

Sasa, ombi, na silitumi mbali. Kama wewe ni kocha wa mtaa Sake, Kitchanga, Nyabiondo, Mubi, Walikale-centre, nunua daftari ngumu leo. Andika jina kamili la kila mtoi, tarehe ya kuzaliwa vile mathe anaijua, mechi, mabao, na mwaka. Piga picha kila ukurasa na uitume kwa simu ya mtu mwenye ako mbali na vita. Na wewe wa Kasarani ama Githurai, kuna chali wa Kivu anakuja kila Jumapili anasimama nyuma ya goli akiwa na daluga kwa mfuko wa karatasi. Usimpe beki ya kushoto juu hamumjui. Mwulize anacheza wapi, na akisema mbele, mpe mbele, dakika tisini kamili, na Jumapili ijayo umpe tena.